Mfupa wa Kubebea Beseni

Jirani yetu wa mlango wa tatu anasema Mama Mdogo alitobolewa uti wa mgongo kwa msumari. Anasema alikaliwa na madaktari wanne, wawili miguuni, mmoja mabegani, na wa nne ndiye aliyekuwa akizungusha. Wakatoa uboho kikombe kizima cha chai, wakaenda nao chumba cha pili na haukurudi. Kwa maelezo yake ukelele ulifika mpaka kituo cha basi, na mimi nilizimia nikamwagiwa maji. Jirani huyu tunamwita Taarifa, kwa sababu hasemi kitu bila kuanza na "habari zilizotufikia". Siku hiyo yenyewe alikuwa nyumbani kwake anaanika mito.

Aliyekuwemo chumbani ni mimi. Naandika ilivyokuwa, maana Taarifa ameisimulia mara nyingi hadi juzi nikamsikia Mama Mdogo mwenyewe akimwambia mteja kwamba madaktari walikuwa watatu. Daktari alikuwa mmoja, mwanamke mwembamba mwenye mikono midogo, na uboho wenyewe haukujaza hata kijiko cha chai.

Mama Mdogo ni mdogo wa marehemu mama yangu. Alinichukua nikiwa na miaka sita, akanisomesha mpaka darasa la saba, na nilipomaliza akanikabidhi pasi. Sisi ni madobi. Chumba cha mbele kina meza mbili ndefu za kupigia pasi, uani kuna karo la kufulia na kamba nane. Mama Mdogo kwa kazi ni mkali. Anaweza kukurudishia shati mara tatu kwa mkunjo mmoja ulioko kwapani, mahali ambapo hata mwenye shati hajawahi kupaona.

Ugonjwa wake niliuona kwanza kwenye ndala. Alikuwa anatoka uani na beseni la nguo mbichi, ndala ya kushoto ikamvuka mlangoni. Akaingia ndani, akazunguka meza mara mbili, mguu peku kwenye saruji, na hana habari. Nikaokota ndala, nikamwekea karibu. Nilidhani ni mawazo. Kesho yake ikamvuka tena. Baadaye nikauona ulimi wake siku anacheka: mwekundu na laini, kama umepigwa pasi. Kisha viganja vikawa vyeupe. Akawa anasimamisha pasi na kushika ukingo wa meza kutafuta pumzi, na pale tumbo lilipogusa ukingo, jioni panakuwa na alama ya bluu. Nikimuuliza anasema ni joto la chumba. Joto la chumba lilikuwepo tangu mimi sijazaliwa.

Alianguka siku ya Jumanne, kichwa kikatua kwenye rundo la mashuka, Mungu saidia. Hospitali wakamtia damu chupa mbili, akafufuka. Alikaa wiki tatu akifanya kazi na kunigombeza kama kawaida, kisha akaanza kufifia upya. Wakamtia tena, akafifia tena. Ilikuwa kama kujaza maji ndoo iliyotoboka. Ndipo tukapelekwa kwa yule daktari wa magonjwa ya damu.

Nitaeleza alivyotueleza, kwa sababu alieleza vizuri na hakutusemesha kama watoto. Alisema ndani ya damu kuna chembe za kubeba pumzi, chembe za kupigana na maradhi, na chembe za kufunga jeraha. Za Mama Mdogo zilikuwa pungufu zote tatu. Na zote hutengenezwa mahali pamoja, kwenye uboho, ndani ya mfupa.

"Mama, kiwanda chako kimekwama," alisema. "Ama kimevamiwa na saratani ya damu, ama kinakosa malighafi. Kwa kuangalia damu ya mkononi peke yake siwezi kuapa ni lipi. Nataka nichukue uboho kidogo nione kiwandani kuna nini."

Mama Mdogo akauliza kama hakuna kipimo kingine. Daktari akasema kipo kimoja cha damu, ila dawa za mashine yake zilikuwa zimeisha miezi kadhaa, haijulikani zitakuja lini. Akasema pia neno ambalo sikulisahau, kwamba akianza kutibu kwa kubahatisha na akakosea, wataipoteza miezi ambayo Mama Mdogo hana.

Tulipewa tarehe. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo Taarifa akaja na kigoda chake. Habari zilizotufikia zilikuwa kwamba shemeji wa mtu fulani alichomwa uboho na tangu siku hiyo hajatembea. Mtu fulani ni nani hakusema. Asubuhi Mama Mdogo akaamka, akawasha pasi, akaanza shuka za nyumba ya wageni. Nikamkumbusha. Akasema kama ni kufa atakufa akiwa amesimama, na nimletee maji ya kunyunyizia.

Sikubishana naye. Mama Mdogo ukibishana naye unamwongezea nguvu. Nilipiga pasi mpaka saa nne, nikasema naenda kurudisha nguo za mteja, nikaenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi hadi wagonjwa wakaisha, kisha nikaingia na kumuuliza daktari kitu kimoja tu, sindano yenyewe inachomwa wapi hasa. Hakukasirika kwamba tumemkosesha siku. Alisimama, akanigeuza, akaweka kidole nyuma ya nyonga yangu, juu kidogo ya kalio, pale penye kibonyeo. Akasema uti wa mgongo uko kule, na huku ni kwingine kabisa, mfupa mnene usio na cha kudhuru karibu.

Nilirudi nikamkuta Mama Mdogo amekaa chini, kwake jambo la ajabu mchana. Nikachukua mkono wake nikauweka kwenye nyonga yake. "Huu ndio mfupa unaobebea beseni," nikamwambia. "Ufuate kwa nyuma. Hapo ulipofika ndipo watakapochoma. Uti wa mgongo wako hawaugusi."

Akapabonyeza. Akapabonyeza tena kwa kidole gumba, kama anavyopima kitambaa kama kitastahimili moto. Akauliza, "Hapa tu?" Nikasema hapo tu. Akasema mfupa huo umebeba maji ya mji mzima kwa miaka thelathini, sindano moja haitauvunja. Lakini akaniambia nisimwambie Taarifa, maana atakuja na kigoda.

Siku ya miadi ya pili walimpa gauni la hospitali. Akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akaniangalia. Lilikuwa halijapigwa pasi, tena lilikunjwa likiwa na unyevu, harufu yake tu inakuambia. Akasema hatalivaa. Nesi, mama mnene wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akamwambia wagonjwa wote wanavaa hivyo hivyo. Mama Mdogo akajibu kwamba ndiyo maana wanaumwa. Mwishowe alilivaa baada ya mimi kulinyoosha kwa viganja juu ya kitanda, nikilivuta kona kwa kona.

Wakamlaza ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, nyuma wazi. Akawa anavuta gauni kujifunika. Nesi akamwambia, "Legeza, mama. Mficha uchi hazai."

"Kumbe ndiyo maana sikuzaa," Mama Mdogo akasema.

Daktari alicheka mpaka akalazimika kuvua glavu na kuvaa nyingine, kwa sababu alijifuta macho.

Mimi niliwekwa upande wa uso wake, nikamshika mikono. Kwa hiyo niliona chumba chote kuliko yeye. Daktari alisafisha mahali, akachoma sindano ya ganzi, akangoja, akachoma kwa chini zaidi, akagonga kwa kidole na kumuuliza kama anasikia maumivu au anasikia kuguswa tu. Aliuliza mara tatu. Hakuendelea mpaka alipojibiwa kwamba ni kuguswa tu. Ndipo akachukua sindano nene yenye mpini, akaanza kuizungusha kwa kiganja, kulia na kushoto, polepole, kama mtu anayefungua kifuniko kilichokwama. Kila hatua aliitaja kabla ya kuifanya. Aliposema, "Sasa navuta, hii ganzi haiizuii, hesabu mpaka tano," Mama Mdogo alinikamata vidole nikasikia vikigusana mifupa. Alitoa mguno mmoja. Akahesabu mpaka saba kwa kiburi.

Mezani pembeni alisimama mtaalamu wa maabara, mzee wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa kamba. Nesi alinong'ona kwamba siku hiyo si zamu yake, anayekuja kila siku aliugua, yeye ameitwa kutoka chumba kingine. Lakini mikono yake ilijua kazi. Alipokea bomba la sindano, akadondosha tone kwenye kioo, akakiinamisha damu iteremke. Nikaona kwenye kioo pamebaki vipunje vidogo vinavyong'aa kama mafuta juu ya mchuzi. "Vipo," akamwambia daktari, na daktari akashusha pumzi. Baadaye nilielezwa kwamba bila vipunje vile unakuwa umechota damu tupu na si uboho. Kisha akaanza kupaka vioo vyembamba kimoja baada ya kingine, haraka, kabla uboho haujaganda, anakiburuta kioo juu ya kioo mara moja tu bila kurudia. Hata Mama Mdogo angemsifu. Daktari naye akarudi na sindano nyingine akatoa kipande cha mfupa chenyewe, chembamba kama kijiti cha kiberiti kilichokatwa nusu, kikawekwa kwenye kichupa.

Vioo vilipokauka mzee akaanza kuviandika majina ukingoni. Hapo macho yangu yakaganda. Alikuwa anaandika kwa kalamu ya wino, hii ya kawaida. Kwenye meza ile ile, trei ya pili, kulikuwa na vioo vya mwanamume aliyetangulia kabla yetu, navyo vimeandikwa kwa wino wa bluu ule ule.

Nilinyamaza. Nani mimi wa darasa la saba nimwambie mtu wa maabara namna ya kuandika? Nilijiambia wino wao labda ni mwingine. Nilijiambia wanajua. Lakini sisi dukani kwetu hatuandiki nguo kwa wino. Kila mteja ana rangi ya uzi wake, mshono mmoja ndani ya ukosi, kwa sababu Mama Mdogo zamani aliwahi kuandika, maandishi yakatoka, na suruali za mwalimu zikaenda kuolewa. Ziliolewa kweli, bwana harusi wa watu alizivaa. Nikamtazama Mama Mdogo, macho ameyafumba, jasho limemkaa kwenye mdomo wa juu. Nikaona nikinyamaza na ikawa ninavyofikiri, kuumia kote huku kutakuwa bure.

"Mzee, samahani," nikasema. "Hivyo vioo vitaoshwa?"

"Vitazamishwa kwenye spiriti kwanza, ndipo vipakwe rangi. Kwa nini, binti?"

"Wino wa kalamu hiyo, ukimwagika kwenye mfuko wa shati, sisi huwa tunautoa kwa spiriti."

Akasimama na kalamu hewani. Akachukua kioo kitupu, akaandika herufi moja, akakipuliza, akalowesha pamba kwenye spiriti, akapitisha. Pamba ikatoka ya bluu na kioo cheupe. Hata daktari aliyekuwa ameminya jeraha kwa kitambaa aligeuza shingo.

"Vinaandikwa kwa penseli," mzee akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Miaka ishirini na sita naviandika kwa penseli. Imevunjika asubuhi, nikaazima kalamu."

Nikamwambia pengine angekumbuka akifika mezani kwake. Akasema pengine, na pengine asingekumbuka, akavizamisha vyote pamoja, vya huyu na vya yule, akavitoa havina mwenyewe. Nesi akachomoa penseli kwenye nywele zake akampa. Mzee akaandika upya kila kioo, akianza na vya yule mwanamume, anasoma jina kwenye faili kwa sauti na nesi anaitikia. Alipomaliza akavua miwani, akanitazama. "Ahsante, binti," akasema. Si kwa kunipuuza wala kwa kujipendekeza. Ahsante ya mtu kwa mtu.

Mama Mdogo alirudi nyumbani kwa miguu yake, na plasta moja. Kiuno kilimuuma siku mbili kama mtu aliyejigonga kwenye kona ya kitanda. Taarifa alipoona anachechemea, habari zikaanza kutufikia.

Tulingoja siku sita. Siku hizo nilipiga pasi nyingi kuliko maisha yangu yote, kwa sababu mikono ikikaa, kichwa kinaondoka. Mama Mdogo alianza kunionyesha uzi wa nani ni wa rangi gani, kana kwamba siujui. Alinionyesha alipoweka ufunguo wa sanduku. Nilimsikiliza, nikaitikia kila kitu, nikaenda kulia karoni bomba likiwa wazi.

Daktari alitupokea amesimama. Nilimwona usoni kabla hajafungua mdomo. Alisema si saratani. Chembe alizoziona zilikuwa kubwa kupita kiasi na hazijapevuka, zimekwama njiani kwa kukosa vitamini B12. Tumbo la Mama Mdogo limeacha kuifyonza, hata angekula nini. Akamuuliza kama miguu inakufa ganzi, na kabla hajasema hapana nikaeleza habari ya ndala. Daktari akaandika, akasema na hilo linaingia humo humo, natamani ungeniambia siku ya kwanza. Nikasema sikujua kwamba ndala ni ugonjwa.

"Kwa hiyo mmenitoboa mfupa ili mnipe vitamini," Mama Mdogo akasema.

"Tumekutoboa mfupa ili nisikupe dawa ya saratani," daktari akamjibu.

Mama Mdogo akamkamata ile mikono yake midogo, akaiinamia.

Sindano zilianza siku hiyo hiyo, ya kwanza pajani. Ndani ya wiki moja akaomba chakula kabla sijampakulia. Wiki ya pili akasimama nyuma yangu, akavuta shati nililomaliza, akalirudisha mezani, akasema mkunjo. Sijawahi kufurahia kugombezwa kiasi kile. Majibu ya kipande cha mfupa yalipokuja yakasema jambo lile lile. Miguu bado inachelewa, daktari anasema itachukua muda na huenda isirudi yote. Nimemshonea ndala zake mkanda wa nyuma. Na sindano ni za maisha, kila baada ya miezi kadhaa. Tumezikubali zote.

Mwezi wa tatu tangu aanze sindano nilikwenda hospitali peke yangu kushukuru. Kushukuru nako kuna foleni. Daktari alinipokea dakika mbili katikati ya wagonjwa, akafurahi, akasema mwingine wa kushukuriwa yuko maabara. Kwenye dirisha la dawa nilimkuta mke wa yule mwanamume aliyetangulia siku ile. Tulikuwa tumekaa benchi moja asubuhi ile ya kipimo. Aliniambia ya mumewe ndiyo ile mbaya, saratani yenyewe, ameshaanza dawa kali, nywele zimekwisha, ila amejibu vizuri kuliko walivyotarajia. "Angalau walijua mapema wanapigana na nini," akasema. Sikumweleza habari ya kalamu. Nilimshika bega, tukakaa hivyo mpaka jina likaitwa.

Mlango wa maabara ulikuwa wazi nusu. Mzee alikuwa ameinamia hadubini, miwani ameipandisha kwenye paji, mkono mmoja unasogeza kioo, na mwingine uko juu ya kijisanduku chenye vitufe. Alikuwa anahesabu chembe, kila aina ina kitufe chake. Alikuwa akivibonya kwa vidole tofauti, tik, tik-tik, tik, midomo imefungwa. Nje, kwenye kiti kando ya mlango, baba mmoja ameshika kadi ya hospitali kwa mikono miwili na anatazama mlango ule tu.

Nikabisha hodi kwa sauti ndogo. Nikasema mimi ni yule wa dobi, nikasema Mama Mdogo anapiga pasi, anakula, anagombana. Nikasema ahsante, mzee, Mungu akuweke. Vidole vyake viliendelea.

Basi nikasema na lile lililonipeleka. Nguo za watu nimezigeuza ndani nje tangu nina miaka kumi na nne, namjua mtu kwa ukosi wake, lakini huyu aliyenilea alikuwa anazimika mbele yangu na mimi sikuona kitu zaidi ya ndala, ulimi na viganja. Wao waliona.

"Mzee, kama vioo vyake bado vipo," nikasema, "naomba unionyeshe. Hata kimoja. Nataka kuona mlichokiona."

Hakuinua kichwa. Kioo kikasogea unywele mmoja, tik, tik. Nikamtazama yule baba kitini, kisha nikaegemea ukuta pembeni ya mlango kungoja hesabu ya mtu wake iishe, nisimzibie mzee mwanga.